Habari ya jana tunayo, ya kesho anayo landilodi

Jumatano moja mwaka jana, mwendo wa saa mbili usiku, msee mmoja wa mtaa alinitumia skrinishoti kwa WhatsApp. Ilikuwa picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi fulani huku kwetu: mhuri juu, Kiingereza kingi, maandishi madogo kama ya chupa ya dawa. Sikuisoma hadi mwisho. Usiku huo nilikuwa na kitu nilichoona ni kikubwa zaidi, bango la shoo ya Jumamosi, kiingilio soo mbili ukifika kabla ya saa tatu. Nikaposti bango, laiki zikaingia. Skrinishoti nikaiacha hapo hapo.

Jumatatu alfajiri tingatinga likaja. Ile karatasi ilikuwa ilani ya siku saba kwa wenye vibanda vya kando ya mtaro, na siku saba zilikuwa zimeisha. Kufikia saa moja asubuhi vibanda kumi na kitu vilikuwa vimelala chini. Mama ambaye ameniuzia sukuma tangu nikiwa darasa la sita alikuta mbao zake ndani ya mtaro, na kreti mbili za nyanya zikiwa zimesagika barabarani. Nilienda kupiga picha, kama kawaida yangu. Akaniona na simu mkononi, akaniuliza, "Kijana wangu, si wewe ndiye huweka mambo ya mtaa kwa mtandao? Hii hukuiona?"

Nikamwambia sikuiona. Sijawahi kuambia mtu uongo uliokaa tumboni mwangu hivyo.

Nieleze kidogo. Mimi huendesha ukurasa wa habari za mtaa, Umoja na viunga vyake. Si kazi ya kuajiriwa. Nilikuwa nasomea uanahabari katika chuo kimoja hapa jijini hadi karo ilipokwama mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na daftari zangu na simu yenye kioo kilichopasuka. Wafuasi ni elfu nne na kitu, wengi wao majirani. Wiki ile ya tingatinga nilikaa chini nikarudi nyuma kwa posti zangu za miezi mitatu, moja baada ya nyingine, nikizipanga kwa makundi mawili: zinazosema jambo lililokwisha kutokea, na zinazosema jambo litakalotokea.

Matokeo yalinipa aibu. Moto, ajali ya boda, mwizi wa tangi la maji ameshikwa, bomba limepasuka, mtoto amepotea, mtoto amepatikana. Zote za jana. Za kesho zilikuwa shoo, mechi, mnada wa mitumba, ufunguzi wa kinyozi. Ukitoa burudani na biashara, tangazo la kesho lililomhusu mtu anayeishi tu mtaani lilijitokeza mara nne kwa miezi mitatu, na tatu kati ya hizo zilikuwa za stima kukatwa.

Hizo za stima ningependa tuzitazame vizuri, kwa sababu Kenya Power inaweza kulaumiwa kwa mengi lakini tangazo lao la kukatwa kwa umeme ni somo. Linakuambia siku. Linakuambia saa, mara nyingi saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Halafu linataja sehemu kwa majina ambayo hata mtoto wa shule anayajua: ploti za upande huu, shule ile, soko lile na wateja wa karibu. Ukilisoma unajua kama utachaji simu usiku, kama utanunua barafu ya samaki, kama kinyozi atafanya kazi au atacheza drafti mchana kutwa. Unaweza kupanga. Ndiyo tofauti ya habari ya kesho na ya jana. Ya jana unaisikitikia, unaandika "pole" na emoji ya mikono. Ya kesho unaweza kuifanyia kitu.

Sasa uliza: mbona stima tu? Mbona mtaro, barabara, ghorofa jipya, ada mpya ya soko, kituo cha matatu kuhamishwa, hayatufikii namna hiyo?

Jibu la haraka ambalo wazee wanapenda kutupa ni kwamba vijana hawajali. Nitarudi kwa hilo. Jibu langu ni kwamba hizo habari zipo na zinatolewa, ila anayeambiwa si sisi. Anaambiwa mwenye ploti.

Angalia tu mtaa wetu. Umoja ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Wamarekani, nyumba za chini za watu wa mshahara wa kawaida. Siku hizo mwenye nyumba na anayeishi ndani walikuwa mtu mmoja. Leo simama Mutindwa uangalie upande wa Innercore, utaona ghorofa juu ya ghorofa na nguo zikining'inia hadi juu kabisa. Ploti tunayoishi sisi ina nyumba ishirini na nne. Landilodi anaishi Kitengela. Nimemwona mara mbili kwa miaka mitano, mara moja akiwa ndani ya gari.

Lakini grupu la WhatsApp la barabara yetu, lile la usalama na maendeleo, aliye ndani ni yeye. Ukitaka kuingia unaulizwa nambari ya ploti yako. Si nambari ya mlango, ya ploti! Kila ploti inalipa ada ya askari wa usiku (ambayo sisi ndio tunakatwa, imo kwa kodi), na kila ploti ina kiti kimoja kwa grupu. Kwa hivyo watu zaidi ya sitini wanaolala hapa, wanaokanyaga huu mtaro na kunusa huu mfereji, wanawakilishwa na mzee mmoja wa Kitengela ambaye akiona ujumbe wa mtaro anatuma kidole gumba na kuendelea na maisha yake. Msimamizi wa ploti naye huongezwa kwa grupu wakati mwingine, lakini kazi aliyotumwa ni kodi na taka. Hakuna aliyemwambia atangaze.

Nyumba Kumi nayo ilipoletwa hapa Kenya mwaka 2013, baada ya shambulizi la Westgate, wazo lilitoka Tanzania, ambako wajumbe wa nyumba kumi wamekuwapo tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Huku kwetu iliuzwa kama mambo ya usalama: mjue jirani yako, ripoti mgeni. Habari zikawa zinapanda, kutoka kwa raia kwenda kwa chifu. Za kushuka ni nadra. Sijui kama kuna mtu wa rika langu Umoja anayeweza kukutajia mwenyekiti wake wa Nyumba Kumi. Mimi wangu nilimjua siku nilipohitaji barua.

Kuna njia rasmi pia, na hapa ndipo mchezo unanoga. Mtu akitaka kugeuza matumizi ya ardhi yake, tuseme nyumba ya familia moja iwe maghorofa, anatakiwa kutangaza. Tangazo linawekwa kwenye gazeti, na kibao kinasimamishwa kwenye ploti yenyewe, na wewe jirani unapewa siku 14 za kutoa maoni au kupinga. Kwenye karatasi ni haki safi kabisa. Ila ni nani wa rika letu hununua gazeti la karatasi akaenda moja kwa moja kwa kurasa za matangazo madogo? (Ninaandika haya kwenye tovuti ya gazeti, wahariri wanisamehe.) Na kibao, jamani. Ploti ya pili kutoka kwetu kibao kilikuwepo, hilo siwezi kukataa. Kilisimamishwa, wiki ile ile lori likamwaga kokoto mbele yake, na kokoto zilipoondolewa ghorofa lilikuwa limefika sakafu ya tatu. Leo jikoni kwetu tunawasha taa saa sita mchana.

Hakuna aliyevunja sheria ya kutangaza hapo. Tangazo halikufichwa, liliwekwa tu mahali ambapo hatungelipata kwa wakati.

Msidhani ni mambo ya ghorofa na vibanda pekee. Kuna kijiji kilichoitwa Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, familia zaidi ya 3,000. Septemba 2011 waliona tangazo kwenye magazeti likiwapa siku 7 wahame. Siku saba kwa mtu mwenye watoto shuleni! Walikimbia mahakamani wakapata amri ya kuzuia, lakini Novemba mwaka huo nyumba zikabomolewa hata hivyo. Kesi yao, ya Mitu-Bell, ilipanda hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa Januari 2021, karibu miaka kumi baadaye. Wanasheria wanaisoma kwa sababu ya haki ya makazi. Mimi naisoma nikiangalia zile siku saba.

Baadaye sheria ilibadilika. Sheria ya Ardhi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, iliweka kwamba watu wanaotakiwa kutoka kwenye ardhi ya umma wapewe ilani ya angalau miezi 3, kwa maandishi, kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, gazeti linalosomwa nchi nzima na redio, na kwa lugha ya watu wa hapo inapofaa. Miezi mitatu! Kibanda cha kando ya mtaro si nyumba, na kesi yake ni nyingine. Lakini aliyeandika kifungu kile alielewa jambo moja ambalo ile karatasi ya mlangoni haikuelewa, kwamba ilani inahesabika imetolewa pale inapomfikia mtu, kwa lugha anayosikia, akiwa bado ana muda wa kufanya kitu.

Halafu ikaja 2024. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ilikuwa imeshasema mapema kwamba masika ya mwaka huo yangezidi kawaida sehemu nyingi za nchi. Ilikuwa habari ya kesho, na ilikuwa sahihi. Usiku wa kuamkia Aprili 24 Mathare ikafurika watu wakiwa wamelala. Mapema Mei serikali ikawapa waliokaa kingo za mito saa 24 waondoke, na matingatinga yakafuata.

Hapa kuna kitu tunachokosa kukiona tukilaumu serikali pekee. Kusema "Nairobi itapata mvua zaidi ya kawaida" si habari ya mtaa. Mtu wa Mathare Nambari 10 anataka kujua maji yakipanda usiku yatafika wapi kwanza, nani atapiga kengele, na darasa gani la shule gani limefunguliwa watu walale. Kutoka kwa ule utabiri wa nchi nzima hadi kwa hayo maswali matatu kuna ngazi ya kushuka, na hakuna aliyelipwa kuishuka. Wanahabari wakubwa wanakuja maji yakishafika. Sisi wadogo wenye kurasa za mtaa tunakuja siku hiyo hiyo, kwa sababu video ya maji yakibeba jokofu inasambaa kuliko ujumbe wa "weka vyeti vyako vya kuzaliwa kwa mfuko wa plastiki". Nimeposti video ya aina hiyo. Ule ujumbe wa vyeti sikuwahi kuuposti.

Sasa turudi kwa "vijana hawajali". Wale wanaosema hivyo walikuwa wapi Juni 2024? Jumanne tarehe 18. Alhamisi tarehe 20. Jumanne tarehe 25. Hadi leo mtu yeyote wa miaka ishirini na kitu Nairobi anaweza kukutajia hizo siku bila kuangalia simu. Kabla ya hapo Mswada wa Fedha, kitabu kizima cha Kiingereza cha mawakili, ulikuwa umepasuliwa vipande vipande: watu wakautafsiri kwa lugha za mama, wengine wakaueleza kwa video za TikTok, msee akatengeneza roboti ya kujibu maswali kuhusu mswada wenyewe. Kila mtu alijua ni wapi, saa ngapi, ubebe nini. Kuna wengi waliolipa kwa damu kwa siku hizo na sitaki kuzitumia kama mfano mwepesi. Nasema tu kwamba uwezo wa kufanya tarehe ijulikane na jiji zima, bila ofisi wala bajeti, tunao. Tuliuonyesha.

Ila Mswada wa Fedha ulikuwa wa nchi nzima, na jambo la nchi nzima lina bahati ya kuwa na wasomaji milioni. Mtaro wa barabara moja Umoja una wasomaji mia tatu. Hauwezi kusambaa kote nchini hata ukiuimba. Unahitaji kituo kidogo, cha karibu, kinachorudia jambo moja mpaka lisikike.

Na vituo hivyo Nairobi iliwahi kuvijenga. Koch FM ilianzishwa na vijana wa Korogocho mwaka 2006, studio ikiwa ndani ya kontena la meli. Kibera wakapata Pamoja FM mwaka uliofuata, Mukuru wana Ruben FM. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hizi redio zinatumia nambari moja, 99.9, kila moja ikiwa na mawimbi madogo ya kutosha mtaa wake. Ukitoka Kibera na redio yako ikiwa 99.9 ukavuka jiji, Pamoja inafifia, unasikia kelele, halafu ukikaribia Korogocho Koch inaingia. Napenda hiyo ramani kuliko ya Google. Inakuonyesha mtaa unaishia wapi, pale sauti yake inapokatika.

Nani anatangaza hapo habari za kaunti? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, inataja redio za kijamii kabisa kama njia ambayo kaunti inaweza kuwasiliana na watu, pamoja na runinga, tovuti na mikutano. Mbao za matangazo zimetajwa pia, kifungu cha 91. Lakini ubao kwenye ofisi ya wadi unafikia anayeenda ofisi ya wadi, na anayeenda huko mara nyingi tayari anajulikana na wenyewe, anaenda kuuliza basari au barua.

Mukuru wamewahi kufanya tofauti. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, zaidi ya familia 100,000. Badala ya kuita mkutano mmoja wa hadhara ambao wenye sauti kubwa ndio wangeongea, Muungano wa Wanavijiji na wenzao waligawa watu kwa makundi ya nyumba kumi kumi, mlango kwa mlango, wapangaji ndani. Habari ikashuka hadi kwa kundi la nyumba kumi, maoni yakapanda kutoka hapo. Si kwamba Mukuru imekuwa mbinguni. Oktoba 2021 Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kwa ajili ya barabara na maelfu wakalala nje. Ndiyo sababu nasema njia nzuri ya habari haizuii tingatinga yenyewe. Inachofanya ni kwamba watu wanajuana, wana orodha, na wakipigwa wanajua wa kuita.

Kuna matukio ya mtaa ambayo huhitaji mtu wa ndani akuvujishie, kwa sababu sheria imeshayapa tarehe. Kaunti lazima iwe imepeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kufikia Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Na Juni 30 mwaka wa fedha unafunga. Katikati ya tarehe hizo ndipo mikutano ya maoni ya umma huitwa, katika wadi 85 za jiji hili, na ndipo inapoamuliwa mtaro upi utachimbwa na taa zipi zitawekwa. Mtaro wetu haukuanguka kutoka juu. Ulikuwa kwenye kitabu cha mtu zaidi ya mwaka mzima.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo baada ya yale ya vibanda. Jumanne, saa nne asubuhi. Mwenye akili timamu hawezi kupanga shoo Jumanne saa nne asubuhi halafu alalamike watu hawakuja. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye ukumbi, wengi wakongwe, wenye ploti, na wachache waliokuja kwa sababu ya soda. Nilikuwa kijana wa tatu ukihesabu na wale wawili waliokuwa wakirekodi mahudhurio.

Kwa hivyo nimebadilisha ukurasa wangu. Kila Jumapili jioni naweka posti moja inaitwa "Kesho mtaani", na sheria yake ni kwamba haiingii kitu kisicho na siku, saa na mahali. Stima, maji kwa ratiba ya mgao, mikutano, kliniki ya chanjo, vibao vipya vya ujenzi nilivyovipiga picha nikitembea. Shoo zinaingia pia, sijawa mchungaji. Zilipoanza, posti hizo zilipata laiki kumi na moja, mbili zikiwa za dada yangu. Siku hizi zinasambazwa sana kuliko zinavyopendwa, na hilo limenifundisha kuangalia nambari tofauti. Mtu hapigi laiki tangazo la maji. Analituma kwa grupu la ploti yake.

Si rahisi, nisiwadanganye. Mara moja niliweka mkutano siku isiyo, nikiwa nimeamini ujumbe uliotumwa kwa mara ya mia, na watu sita wakaacha kazi zao kwenda kukaa mbele ya mlango uliofungwa. Mmoja wao ni fundi wa viatu, alipoteza asubuhi nzima. Nilimlipa kwa kumpelekea viatu vyote vya nyumbani. Tangu hapo sipandishi tangazo bila kuona karatasi yenyewe au kumpigia mtu aliyeitia sahihi. Pia kuna mwenye ploti aliyenipigia kuniuliza nani alinipa ruhusa ya kutoa "mambo ya grupu" nje. Nikamwambia mtaro uko nje.

Jambo lililonisaidia zaidi ni barua. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 iliyofuata inaipa ofisi siku 21 za kukujibu, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Huhitaji wakili wala kueleza kwa nini unataka. Wakikunyamazia unaenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Niliandika nusu ukurasa kwa Kiswahili, nikauliza kazi ya mtaro ule inaishia wapi na awamu inayofuata ni lini. Nikagonga mhuri nakala yangu kama tulivyofundishwa kufanya na barua za karo.

Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa. Kurasa mbili na ramani. Nilikaa na ile ramani kwa kibanda cha chai nikiizungusha mpaka nikapata soko, nikapata kanisa, nikapata barabara yetu. Awamu ya kwanza ilikuwa upande uliobomolewa. Awamu ya pili, laini ya vitone, inavuka barabara na kushuka upande wa pili, mwaka huu wa fedha.

Mama wa sukuma alikuwa amejenga tena. Mbao mpya, mabati ya mkopo wa chama chake. Amejenga upande wa pili wa barabara.

Nilienda jioni hiyo hiyo, nikamsubiri amalize wateja, nikamfungulia ramani juu ya kabichi. Nikamwambia na ile ya mwaka jana, kwamba niliiona na sikuiposti. Alinyamaza muda, akikata sukuma, kisu chake hakikupunguza mwendo. Halafu akauliza kama kuna mahali mtu anaweza kwenda kusema jambo kabla hawajaanza kuchimba. Nikamwambia kuna mkutano wa wadi wiki ijayo, na wenye vibanda wanaweza kuomba wapewe nafasi kwingine kabla ya kazi kuanza, ila ni wao wenyewe waende, si mimi.

"Saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne asubuhi, siku ya kazi. Akacheka kwa pua. Saa nne ndiyo saa ya mama wa mahoteli kuja kununua za mchana. Akafunga mfuko, akampa mteja, akapanguza mikono kwa aproni, akatoa simu yake ndogo ya vitufe na kuanza kumtafuta jirani yake wa viazi.